Mbwa wa Jirani na Haki ya Mpita Njia

Asubuhi moja mwaka huu, kabla jua halijapanda, kijana muuza samaki apitaye mtaani petu kwa baiskeli alianguka mbele ya lango la jirani yangu. Mbwa alitoka chini ya ua akamkimbilia miguuni. Kijana aliinua mguu wa kulia kumwepuka, baiskeli ikapoteza mizani, tenga likapinduka, na vibua na changu vikaenea mchangani pamoja na damu ya kiwiko cha mwenye navyo. Mbwa hakumwuma. Alibweka, akazunguka mara mbili, akarudi uani kwa mwendo wa mshindi. Jirani yangu, mtu mzima mwenye heshima zake ambaye mimi humwamkia shikamoo kila siku, alitoka na msuli kiunoni, akatazama, akasema maneno ambayo hayajanitoka tangu siku ile: "Mbwa wangu hajamwuma mtu hata siku moja."

Maneno hayo yalikuwa ya kweli, na ndiyo sababu yalinisumbua. Laiti yangalikuwa uongo, jambo lingalikwisha kwa shahidi mmoja. Nilipoyafikiri niliona kuwa si maneno ya jirani yangu peke yake. Yamesemwa mbele ya mahakimu wa lugha nyingi, kwa miaka elfu nyingi, na sheria za mataifa zimeyajibu kwa namna mbalimbali: nyingine zimeyapokea kama ngao, nyingine zimeyakataa. Wasomaji wa jarida hili wamezoea historia iandikwayo kwa wafalme na vita. Wataniwia radhi nikiiandika mara hii kwa mbwa, na kwa watu wapitao mbele ya mbwa wakiwa juu ya kipando.

Mwaka 1945 na tena mwaka 1947, wachimbuaji wa idara ya mambo ya kale ya Irak walipata mabamba mawili ya udongo katika kilima kiitwacho Tell Harmal, kando ya Baghdad. Mabamba hayo yalikuwa na sheria za ufalme wa Eshnunna, zilizoandikwa yapata mwaka 1770 kabla ya Kristo, mbele kidogo ya sheria za Hammurabi zilizo mashuhuri zaidi. Hammurabi ataja ng'ombe apigaye pembe, hamtaji mbwa. Eshnunna yataja wote wawili. Yasema kwamba mbwa akiwa mkali, na wakuu wa mtaa wakamjulisha mwenyewe, naye asimlinde mbwa wake, kisha mbwa akamwuma mtu akafa, mwenye mbwa atalipa shekeli 40 za fedha. Aliyekufa akiwa mtumwa, shekeli 15. Sheria ya ng'ombe, iliyotangulia hapo juu yake, ina hesabu hizo hizo.

Ili tupime uzito wa fedha hiyo, tutazame sheria nyingine katika mabamba hayo hayo: ujira wa kibarua kwa mwezi ni shekeli 1, mbali na chakula chake. Basi shekeli 40 ni kazi ya miezi 40, zaidi ya miaka mitatu ya jasho. Si fidia ya kuchezea. Lakini msomaji atastaajabu akijua kwamba katika sheria hizo mtu amng'ataye mwenzake pua akaikata hulipa shekeli 60. Meno ya mwanadamu yalikuwa ghali kuliko meno ya mbwa, hata kama mbwa ameua. Nadhani maana yake ni kwamba mtu alihukumiwa kwa tendo lake, na mwenye mbwa alihukumiwa kwa uzembe wake, na mambo hayo mawili hayana bei moja.

Linalonivuta zaidi ni hao wakuu wa mtaa. Neno la lugha yao ni *babtum*, lenye ukoo na neno lao la mlango, ambalo ni ndugu wa *bab* ya Kiarabu. Ni watu wa lango moja, watu wa mtaa mmoja, walioishi wakisikia mbwa yule yule usiku. Sheria haikumngoja mbwa aume mara ya kwanza ndipo ukali wake ujulikane. Ilitosha mtaa ujue, useme, na mwenyewe asikie. Tangu hapo hakuwa na haki ya kusema kwamba hakujua. Mara tu baada ya mbwa, sheria inayofuata ni ya ukuta uliolemaa: wakuu wa mtaa wakimwonya mwenye ukuta, naye asiutengeneze, nao ukaanguka ukamwua mtu, hilo ni shauri la roho, na hukumu yake ni ya mfalme mwenyewe. Aliyezipanga sheria hizi aliwaweka ng'ombe, mbwa na ukuta katika safu moja, na mimi namwona kuwa mtu mwenye akili sana. Ukuta ulioinama haujamwangukia mtu hata siku moja, mpaka siku ile utakapoanguka.

Torati, katika kitabu cha Kutoka mlango wa 21, ina hukumu ya ng'ombe aliyezoea kupiga pembe ambaye mwenyewe alionywa, na wataalamu wameufananisha mlango huo na mabamba ya Eshnunna tangu yalipopatikana. Huko sitakaa.

Wayunani walishika njia nyingine. Plutarko, akiandika maisha ya Solon, mtunga sheria wa Athene wa karne ya sita kabla ya Kristo, asimulia kwamba mbwa aliyeuma mtu alitakiwa atolewe kwa aliyeumwa hali amefungwa kongwa la mti la urefu wa dhiraa tatu. Nasema kongwa kwa makusudi, maana hapa Pwani neno hilo lina kumbukumbu mbaya na msomaji ataona mara moja jinsi mti ule ulivyofanya kazi: mbwa hawezi kumfikia mtu, na mtu aweza kumshika mbwa. Sheria hii ilijali usalama wa kesho. Lakini ilianza kazi baada ya jino kuingia.

Warumi waliyatafakari mambo haya kuliko wote. Tangu Mbao Kumi na Mbili, yapata mwaka 450 kabla ya Kristo, mwenye mnyama aliyeleta hasara alikuwa na hiari mbili, alipe hasara au amtoe mnyama. Haikuulizwa kama alijua au hakujua. Baadaye maafisa wa masoko na njia za mji walitoa amri juu ya mbwa, nguruwe mwitu, mbwa mwitu, dubu, chui na simba, kwamba asiwepo mtu wa kuwaweka wanyama hao mahali watu wapitapo kwa kawaida. Mtu huru akiuawa, mwenye mnyama hulipa dhahabu 200. Akijeruhiwa, hulipa kadiri hakimu aonavyo kuwa ni haki. Na hasara ya mali hulipwa mara mbili. Amri hiyo imehifadhiwa katika kitabu kikubwa cha sheria kilichokusanywa kwa agizo la Kaizari Justinian mwaka 533. Mbwa wa jirani yangu angalicheka kujiona katika orodha moja na simba, ila mantiki yake ni safi: amri haitazami ukoo wa mnyama, yatazama mahali alipo. Njia ni ya watu. Awekaye meno njiani ameyaweka katika mali ya umma.

Ni Warumi hao hao waliotuachia picha ya mbwa sakafuni katika nyumba moja ya Pompeii, mbwa mweusi amefungwa mnyororo, na chini yake maneno ya kumwonya mgeni ajihadhari. Nyumba hiyo ilifukuliwa mwaka 1824. Kila nimwonapo mbwa yule katika vitabu huwaza kibao cha bati kilichopigiliwa malangoni mwetu, chenye maneno mawili ajuayo kila mtoto: MBWA KALI. Sarufi yetu ingalitaka "mbwa mkali", lakini kibao kimeishinda sarufi, na mimi mwalimu wa lugha nimenyamaza. Nitakirudia kibao hicho.

Kabla ya kufika Uingereza, ambako sheria zetu za mahakama zimepitia, yafaa tusimame kidogo hapa nyumbani. Katika Pwani ya Waswahili, mbwa hakuwa mwenzi wa barazani. Madhehebu ya Shafii humhesabu kuwa najisi, na chombo alichokilamba huoshwa mara saba, moja yake kwa udongo. Hata hivyo aliwekwa kwa kuwinda na kwa kulinda, na methali yetu isemayo kuwa mchezea mbwa huingia naye msikitini yaonyesha kwamba walikuwako wenye kumchezea. Katika Hadithi za Bukhari na Muslim wametajwa wanyama watano ambao hata mtu aliyehirimia hija ana ruhusa kuwaua: kunguru, mwewe, nge, panya, na mbwa mng'ataji. Wanazuoni walishindana juu ya huyo wa tano ni nani hasa. Imamu Malik, aliyefariki mwaka 795, alieleza katika Muwatta kwamba jina hilo laingiza kila mnyama ajeruhiye watu, au awashambuliaye, au awatishaye. Sisi wa Pwani hatumfuati Malik katika fikihi, lakini nauona upana wa neno lake: katishia, basi. Hofu ya mpita njia ina uzito wake hata pasipo jeraha.

Kwa upande wa fidia, iko Hadithi nyingine ambayo maana yake ni kwamba jeraha la mnyama asiyenena halina dia. Ukiisoma peke yake utadhani jirani yangu amepata wakili. Lakini pamoja nayo iko hukumu ya ngamia wa al-Bara bin Azib aliyeingia katika shamba la watu akaliharibu. Ikaamuliwa kwamba wenye mashamba wayalinde mchana, na hasara ifanywayo na wanyama usiku iwe juu ya wenye wanyama. Yaani kila upande una saa zake za kuwa macho. Mnyama hana lawama, lakini aliyepaswa kumfunga saa ile anayo.

Sasa Uingereza. Mfalme Alfred, aliyekufa mwaka 899, aliagiza katika sheria zake kwamba mbwa akimrarua au akimwuma mtu, mwenyewe atalipa shilingi 6 kwa kosa la kwanza; akiendelea kumpa chakula, atalipa 12 kwa la pili, na 30 kwa la tatu. Hata mbwa akipotea baada ya kosa, fidia iko pale pale. Tazama lile sharti la chakula. Kumlisha mbwa baada ya kosa lake ni kumkubali pamoja na kosa lake. Ni ushahidi ulio wazi kuliko viapo vingi. Tazama pia kwamba kosa la kwanza lililipiwa. Mwenye mbwa hakupewa jino moja la bure.

Jino hilo la bure lilikuja baadaye. Katika sheria ya mahakama za Kiingereza iliyokua karne baada ya karne, mdai aliyeumwa na mbwa alipaswa kuthibitisha kwamba mwenye mbwa alijua tabia ya mnyama wake. Kanuni hiyo huitwa kwa neno la Kilatini *scienter*, maana yake "kwa kujua". Mbwa huhesabiwa kuwa mpole mpaka tendo lake limwumbue, na mwenyewe huhesabiwa kuwa hajui mpaka aambiwe au aone. Ndipo watu wakasema kwa mzaha kwamba kila mbwa wa Kiingereza ana haki ya kuuma mara moja. Mzaha huo hauko sawa kabisa, kwa sababu ujuzi waweza kuthibitishwa hata kwa mbwa ambaye amejaribu tu kuuma akazuiwa. Lakini mzigo wote u juu ya aliyeumwa. Mgeni apitaye njia, asiyemjua mbwa wala mwenyewe, atakiwa alete mashahidi wa habari za uani kwa mtu mwingine. Wakuu wa mtaa wa Eshnunna wametoweka katika habari hii, na hakuna aliyewekwa mahali pao.

Kwa kweli Bunge lilijaribu kuziba pengo. Sheria ya polisi wa London ya mwaka 1839 ilimtoza faini isiyozidi shilingi 40 mtu aachaye mbwa mkali ovyo barabarani bila kifunga mdomo, au amchocheaye mbwa amshambulie au amtishe mtu, farasi, au mnyama mwingine. Namba ile ile ya 40, ingawa shilingi si shekeli. Hapa kwa mara ya kwanza katika safari yetu farasi atajwa pamoja na mtu, na haki yake ni kutotishwa. Mwandishi wa sheria ile alijua mji wake: farasi akishtushwa na mbwa, mpandaji huanguka, gari hupinduka, na watoto walio njiani hukanyagwa.

Mwaka 1865 ikaja sheria ya mbwa ya Uingereza, na ndani yake mna jambo la kufikirisha sana. Sheria hiyo ilisema kwamba mbwa akijeruhi kondoo au ng'ombe, mwenyewe atalipa, na haitakuwa lazima kuthibitisha kwamba alijua ukali wake. Wafugaji walikuwa na sauti Bungeni, na hasara yao yaweza kuhesabiwa sokoni. Miaka minne baadaye, mwaka 1869, mahakama iliulizwa kama farasi naye yumo katika neno lile la sheria, katika shauri la Wright na Pearson, ikajibu kwamba yumo. Matokeo yake yalikuwa haya: mpanda farasi akivamiwa na mbwa njiani, mbwa akamwuma farasi, fidia hupatikana bila ushahidi wa ujuzi. Mbwa yule yule akikosa farasi akampata mpandaji mguuni, mpandaji sharti athibitishe kwamba mwenye mbwa alijua. Mguu wa farasi ulikuwa na sheria bora kuliko mguu wa binadamu. Sheria ya mwaka 1906 ilipoandikwa upya ikawataja waziwazi farasi, nyumbu, punda, kondoo, mbuzi na nguruwe. Binadamu hakuongezwa.

Jambo hilo lingalibaki fumbo la mawakili kama farasi wa chuma asingalizaliwa. Mwaka 1885 John Kemp Starley wa Coventry alitoa baiskeli aliyoiita Rover, yenye magurudumu mawili yanayokaribiana kwa ukubwa na mnyororo wa kuzungusha gurudumu la nyuma. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo aliyekaa Belfast, akapata haki ya ubunifu wa mpira wa upepo. Katika miaka kumi hivi watu ambao hawakuweza kamwe kumlisha farasi walipata kipando. Walitoka mijini wakaingia vijijini, kimya, kwa kasi, miguu ikizunguka karibu na ardhi. Hakuna kitu kimwamshacho mbwa kuliko hicho. Mbwa ni mwindaji, na akionacho kinakimbia hukifuata. Kisha kuna hila nyingine katika jambo hili: mpanda baiskeli hakusimama, alikuwa akienda zake, naye mbwa, amwonapo ametokomea, huamini kwamba ni yeye aliyemfukuza. Kila siku apata ushindi, na kila ushindi wamfundisha kurudia. Mark Twain, aliyejifunza baiskeli ya gurudumu refu, aliandika kwa dhihaka kwamba yeye hakukusudia kumkanyaga mbwa yeyote, lakini aliwakanyaga wote waliokuja njiani.

Mpanda baiskeli huyo hakuwa na farasi wa kumtetea. Baiskeli si ng'ombe kwa tafsiri yoyote ya hakimu. Ilipokosekana sheria ya kumlinda, akajilinda kwa silaha. Charles-François Galand, mtengeneza bunduki wa Paris, alitoa katika miaka ya 1890 bastola ndogo ya mfukoni iliyoitwa *velo-dog*, jina lililounganisha baiskeli na mbwa, yenye risasi ya kipenyo kisichofika milimita 6. Kwa wale wasiotaka kuua, risasi nyingine zilijazwa pilipili. Watu wengine walibeba bomba la kurushia maji ya amonia. Mimi naiona bastola ile kuwa hati ya historia sawa na bamba la udongo. Yaonyesha mahali sheria iliposhindwa kufika; na mtu aliyebeba bastola kwa sababu ya mbwa alikuwa nayo pia siku alipogombana na mtu.

Niseme pia, kwa haki, kwamba sheria nyingine ya Uingereza ya mwaka 1871 iliwapa mahakimu uwezo wa kuamuru mbwa wa hatari asiyezuiwa vema atiwe chini ya ulinzi au auawe. Hiyo haikungoja hesabu ya majeraha. Lakini haikumlipa mtu samaki wake.

Sheria hizo zilifikaje kwetu? Kwanza kwa njia ya Bara Hindi. Kanuni ya Adhabu ya India ya mwaka 1860, iliyotumiwa na Waingereza katika Afrika Mashariki kabla ya kanuni za mwaka 1930, ilikuwa na kifungu cha 289 kilichomwadhibu mwenye mnyama ambaye, kwa kujua au kwa uzembe, hakuchukua hatua ya kutosha kuzuia hatari iwezayo kutokea kwa uhai au ya kuumiza vibaya: kifungo kisichozidi miezi sita, au faini isiyozidi rupia 1,000, au vyote viwili. Hatari iwezayo kutokea, si hatari iliyokwisha kutokea. Vifungu vya namna hiyo viliingia katika kanuni za mwaka 1930, na vimo hata leo katika kanuni za adhabu za Kenya na Tanzania. Kwa upande wa madai, Tanganyika ilipokea sheria ya mahakama za Kiingereza kama ilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920, na Kenya kama ilivyokuwa tarehe 12 Agosti 1897, na pamoja nayo ile kanuni ya kujua. Basi nchi zetu zina ndimi mbili juu ya mbwa mmoja. Ulimi wa adhabu waweza kumwambia jirani yangu kwamba hatari inatosha. Ulimi wa madai humwambia muuza samaki kwamba kwanza alete ushahidi wa mambo ya uani.

Katika miji ya wakoloni mbwa alikuwa na kazi aliyoijua kila mtu. Nyumba za wakubwa zilikaa mbali na njia, ndani ya bustani, na kati ya lango na baraza palikuwa na mbwa. Baiskeli ilikuwa kipando cha karani, tarishi, mwalimu, fundi na mpishi, watu waliopaswa kupita hapo kwa ajili ya mkate wao. Kibao cha MBWA KALI kiliandikwa kwa Kiswahili. Lugha yenyewe yaeleza ni nani aliyetarajiwa kuumwa. Uhuru ulipokuja tulirithi nyumba, tukarithi ua, tukarithi kibao. Na leo kinapigiliwa na watu ambao baba zao waliteremka baiskeli mbele yake.

Mawakili hupenda kusema neno moja juu ya kibao hicho, na mimi nalipenda pia. Mwenye nyumba hukitundika akidhani amejikinga: nimekuonya, ukiingia shauri lako. Kwa mwizi arukaye ua labda. Lakini katika kanuni ya kujua, mtu aliyeandika kwa mkono wake kwamba mbwa wake ni mkali atasemaje mahakamani kwamba hakujua? Kibao chaweza kuwa ushahidi juu yake. Tena chazungumza na mtu aingiaye langoni, ilhali mpanda baiskeli hakuingia popote. Yeye yuko barabarani, na onyo halimhamishi mtu katika barabara yake.

Juu ya barabara, yako mambo ya ajabu yaliyodumu hadi nyakati za karibu. Mwaka 1947 baraza la juu la mahakama ya Uingereza liliamua shauri la Searle na Wallbank. Mtu mmoja alikuwa akiendesha baiskeli usiku wa giza mwaka 1944, wakati wa vita, akagongana na farasi aliyetoroka shambani. Aliyeanguka alidai fidia. Mabwana wakasema kwamba mwenye shamba hana wajibu wa kutunza ua wake ili wanyama wa kawaida wasitoke barabarani. Hivyo ndivyo ilivyokuwa tangu zamani, barabara zilipokuwa hazina ua. Hapo farasi aliyeshinda sheria ya mbwa alimshinda tena mpanda baiskeli kwa namna nyingine. Kanuni hiyo ilifutwa Uingereza kwa sheria ya wanyama ya mwaka 1971, ingawa hata sheria hiyo imebakiza swali la kujua, katika maneno yenye mafundo ambayo majaji wenyewe wameyalalamikia.

Kichaa cha mbwa nitakitaja kwa sentensi chache tu, si kwa kuwa ni jambo dogo. Tarehe 6 Julai 1885, mwaka ule ule wa baiskeli ya Starley, Louis Pasteur alimchanja Joseph Meister, mtoto wa miaka 9 aliyeng'atwa na mbwa, naye akapona. Chanjo ipo, lakini Shirika la Afya Duniani limekadiria vifo vya ugonjwa huu kuwa 59,000 hivi kila mwaka, vingi vikiwa Asia na Afrika. Dalili zikishaonekana hakuna dawa. Katika nchi kama hizo, maneno ya kungoja jino la kwanza yana gharama ambayo mahakimu wa Kiingereza, kisiwani mwao ambamo ugonjwa ulifukuzwa tangu mwanzo wa karne ya ishirini, hawakuhitaji kuihesabu.

Nilikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa wetu. Sikwenda kumshtaki mtu, nilimwomba afanye kazi ya *babtum*: amjulishe mwenye mbwa, mbele ya watu wawili, na aandike tarehe. Mzee yule hakuhitaji bamba la Tell Harmal. Alisema desturi hiyo anayo, ila watu siku hizi huona haya kumsema jirani. Akaja jioni, sote tukakaa barazani, chai ikaletwa. Kijana muuza samaki alikuja na kiwiko kimefungwa kitambaa, akakaa ukingoni, akamwita jirani yangu "mzee wangu" kila aliposema, na hakuongeza hata samaki mmoja katika hesabu yake.

Jirani yangu alisikiliza mpaka mwisho. Akarudia neno lake, kwamba mbwa hajamwuma mtu. Mwenyekiti akamwambia, "Kweli, ndugu yangu, na leo tumekujulisha kabla hajauma." Pakawa kimya kirefu. Kisha akatoa fedha akamlipa kijana thamani ya tenga zima, akasema alipa kwa ajili ya ujirani, si kwa ajili ya mbwa. Mwenyekiti akayaandika yote mawili katika daftari lake, malipo na kauli, na tarehe chini yake. Siku ya tatu nikaona mnyororo mpya umefungwa katika shina la mwembe, na langoni kibao kipya cha bati, rangi haijakauka.

Muuza samaki bado huteremka akifika pembeni pa nyumba yangu, akaikokota baiskeli mpaka alipite lango, ndipo apande tena.